Tunaendesha kwa Ajili ya Paa

Maneno niliyoyasema Ijumaa jioni, Ngamiani, Tanga, mbele ya waendesha baiskeli na familia zao, usiku wa kuamkia safari ya kwenda Bagamoyo kuchangia bati za kupaulia nyumba zilizokwama. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.

Wazee wetu, mashehe na wachungaji mlioitikia wito, mwenyekiti wetu wa mtaa, kina mama, na ninyi wanangu ambao kesho mtapanda baiskeli: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeombwa niseme kidogo kabla ya dua. Najua mnangoja kusikia habari za njia, nani yuko mbele na nani yuko nyuma, tutakula wapi, tutalala wapi. Nitafika huko. Lakini nataka nianze na boma.

Hapa hakuna asiyejua boma. Ukitoka Kange ukaelekea Pongwe, ukakata ndani kidogo, kushoto au kulia, utayaona. Kuta zimesimama, lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, imefungwa, madirisha yako wazi, na juu hakuna kitu. Mbaazi zimeota sebuleni. Mwenye nyumba huja mara moja kwa mwezi, anafyeka, anatazama, anazunguka nyuma, anatazama tena, kisha anarudi kwenye chumba alichopanga. Mgeni akipita anadhani ni magofu. Sisi tunajua kwamba pale mtu amezika kila shilingi aliyowahi kuwa nayo, na bado anasubiri.

Mimi ni mtoto wa mkata mkonge. Nilizaliwa kambini. Mkonge ndio uliotuleta wengi wetu hapa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapona 62 tu, na kutoka katika hiyo 62 mkoa huu ukajaa mashamba. Kufika miaka ya sitini nchi yetu ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Walikuja Wamakonde, Wanyamwezi, Waha, Wabena, na kila aliyekuja alipewa chumba kambini. Chumba kile kilikwenda na kazi. Siku mgongo wa baba ulipokataa, kazi ikaisha, na chumba kikaisha hapo hapo. Sikumbuki kama kuna mtu aliyetutolea maneno makali. Nakumbuka godoro letu juu ya mkokoteni, na mama akitembea nyuma yake ameshika kibatari mkononi ili kisivunjike.

Mama alikuwa na kiwanja Mikanjuni, alichokinunua kwa fedha za vitumbua. Tofali alifyatua mwenyewe, za udongo, zile za kuanika juani, maana saruji hakuiweza, japo kiwanda chenyewe kiko hapo Pongwe, tunauona moshi wake. Kuta zikapanda mpaka kwenye lenta. Fedha ikakata. Masika ikaja. Ukuta wa upande wa upepo ukalainika, ukavimba, asubuhi moja tukaukuta chini. Akaujenga upya. Mwaka uliofuata masika ikaja tena, ukaanguka tena, na safari hii ukaondoka na wa jirani yake. Akajenga mara ya tatu.

Nimekuja kupiga hesabu nikiwa mtu mzima. Fedha aliyotumia kuusimamisha ukuta ule mara tatu, ukijumlisha na kodi tuliyolipa miaka yote hiyo, miezi sita sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali juu yake, ingeweza kupaua nyumba ile na chenji ikabaki. Mama hakuwa mvivu na hakuwa mjinga. Alikosa fedha ya mkupuo mmoja. Tofali unaweza kununua kumi leo na kumi wiki ijayo. Mchanga unaweza kuletewa toroli moja moja. Paa halinunuliki hivyo. Ukiweka bati nne leo, mvua itaingilia pale ambapo hakuna bati. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zisimame zote, papi za kupigiliwa bati zipigwe zote, bati zilale zote, au hujafanya kitu. Kwa hiyo watu wetu wanajenga vizuri kabisa, kwa jasho lao, kuanzia msingi hadi lenta, halafu wanakwama palepale, nyumba kwa nyumba.

Aliyetutoa sisi hapo alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa hapa hapa Ngamiani, kwenye mojawapo ya hizi barabara zetu za namba. Alimwambia mama: chukua fedha hii, kapaue, utanirudishia ukipata, na usiongeze hata senti. Bati alizileta mwenyewe kwa baiskeli yake ya Phoenix, amezifunga ubavuni kwa kamba ya katani, anaisukuma kwa miguu kwa sababu mzigo ule haupandiki. Alikwenda na kurudi mara tano. Mimi nilikuwa nashika bati kwa nyuma zisipepee. Mama alimlipa kwa miaka miwili na miezi kadhaa. Alipomaliza, yule mzee alizichukua zile zile fedha akamkopesha mjane mwingine wa mtaa wa pili.

Mashehe hapa watanisahihisha, lakini nadhani ile ndiyo karadha hasana, mkopo mwema unaotajwa katika Suratul Baqara. Na wachungaji nao wanajua kwamba kitabu cha Kutoka kinakataza kumtoza masikini riba. Nasema hivi kwa sababu watu wameniuliza kama jambo letu hili limetoka ng'ambo. Sehemu yake moja ina ndugu ng'ambo, ni kweli, na habari zake ni njema. Kuna Mmarekani aliyeitwa Millard Fuller, yeye na mkewe Linda. Mwaka 1973 walihamia Mbandaka, huko Zaire, kwenye Mto Kongo, wakaanza kujenga nyumba na watu wa pale kwa utaratibu huu: familia inajenga pamoja na wanaoisaidia, inalipa gharama kidogo kidogo, hakuna riba, hakuna faida, na kinacholipwa kinajenga nyumba ya jirani. Waliporudi kwao mwaka 1976, Americus, jimbo la Georgia, wakaanzisha Habitat for Humanity, ambayo leo inajulikana dunia nzima. Utaratibu wenyewe ulikuwa umeanzia kwao, kwenye shamba la Koinonia karibu na Americus, lakini ulijaribiwa Afrika, kandokando ya mto, kabla ya kuenea dunia nzima. Yule fundi wetu wa Ngamiani hakuwahi kusikia habari za Fuller. Kila mmoja aliupata utaratibu huo katika kitabu chake.

Na hili la baiskeli nalo lina ndugu. Kule Marekani, mwaka 2003, shirika linaloitwa Bike & Build lilianza kuwapeleka vijana kutoka Bahari ya Atlantiki hadi Pasifiki kwa baiskeli, wiki kumi hivi njiani, kuchangisha fedha za nyumba nafuu. Wanachovya gurudumu katika bahari ya kwanza na kuchovya tena katika ya pili. Wanalala sakafuni, makanisani na mashuleni. Vijana wetu waliponisimulia habari hizo nilizipenda, lakini kilichonishika ni jambo moja: njiani kuna siku hawaendeshi kabisa. Wanaziegesha baiskeli, wanashika nyundo, wanajenga na familia ya mji ule, kesho yake wanaondoka. Hilo nikasema tulichukue. Mtu anayepita barabarani amevaa fulana ya rangi anaonekana na kusahaulika. Mtu aliyekubebea mbao huwezi kumsahau, naye hawezi kukusahau.

Sasa tazameni ukubwa wa jambo lenyewe, ili asiwepo atakayedhani kwamba tunakwenda kulimaliza. Kwa miaka mingi Serikali na wadau wa nyumba wamekuwa wakitaja upungufu wa nyumba milioni 3 nchini, na mahitaji mapya ya nyumba 200,000 kila mwaka. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962 na limejenga, lakini nyumba nyingi za nchi hii zimejengwa na wenyewe, kwa fundi wa mtaani na saidia fundi wake. Mikopo ya nyumba ya benki ipo, ila riba yake ni kubwa, na waliokopa nchi nzima ni maelfu machache tu. Muuza samaki wa Sahare hawezi kuigusa. Hana hati ya kiwanja, hana hati ya mshahara, ana boma.

Ndiyo maana kamati yetu ilibishana mikutano mitatu, na nashukuru tulibishana. Wengine walitaka tujenge nyumba moja nzuri, tangu msingi hadi rangi, tuifungue kwa utepe. Nilipinga na nitaendelea kupinga. Fedha ya kujenga nyumba moja tangu chini inaweza kupaua maboma kadhaa ambayo wenyewe wameshayafikisha juu. Na mtu aliyepandisha kuta zake mwenyewe hatazamwi kama aliyepewa. Ni mwenye nyumba aliyeongezewa nguvu mahali pagumu.

Kwa hiyo daftari letu la ahadi haliandiki shilingi. Linaandika bati. Nyumba ya vyumba viwili na sebule inakula karibu bati 40 za mita tatu. Waendeshaji ni 24, kila mmoja ameahidi kuchangisha bati tano, hizo ni bati 120, yaani paa tatu: moja hapa Mikanjuni, moja Mkata, moja Bagamoyo. Mbao na misumari tumechangiwa na wafanyabiashara ambao wameomba wasitajwe. Na kila mwendeshaji anajilipia chakula chake, tyubu zake na nauli yake ya kurudi. Shilingi iliyotolewa kwa ajili ya bati haitanunua hata maji ya kunywa. Mahesabu yatabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, msikitini na kanisani, na risiti zitakuwapo kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Nina mambo mawili ya kusema kuhusu hizo bati, mnivumilie, maana nimeungua nazo. Duka moja liliwahi kutuuzia bati zilizoandikwa geji 30, kumbe ni nyembamba kuliko hapo. Mwaka wa tatu zilikuwa zimetoboka kama chujio. Upepo wetu huu una chumvi, hauna huruma na bati jepesi. Safari hii fundi wetu atazipima kabla hatujalipa, moja baada ya nyingine. Jambo la pili ni nanga. Paa nyingi zinazong'oka kwa upepo hazing'oki kwa sababu bati ni mbovu, zinang'oka kwa sababu kenchi zimelazwa tu juu ya ukuta. Kila kenchi ifungwe kwenye lenta kwa waya mzito, na mbao ziwe za dawa, vinginevyo mchwa wa Mkata watazila kabla mkopo haujalipwa.

Nimesema mkopo. Ndiyo, familia zitarudisha. Zitarudisha kwa uwezo wao, kwa kijumbe, kama tunavyocheza upatu, bila nyongeza yoyote, na kila kinachorudi kinakwenda kwenye boma lingine katika mtaa ule ule. Mmoja wa wenye nyumba, mama wa Mkata, tulipomweleza alinyamaza kidogo akasema, "Basi mimi nitakuwa nimempaulia mtu." Nimeyabeba maneno hayo tangu siku ile.

Huyo mama ni mjane, na hapa niseme jambo ambalo katika harambee hatupendi kulisema. Nyumba ikiwa boma, ndugu wa marehemu hawaitazami. Ikishawekwa bati, wanakumbuka njia. Nimeona kwa macho yangu mwanamke akitolewa katika nyumba aliyoipandisha mwenyewe, wiki chache baada ya paa kukamilika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, lakini sheria haiji yenyewe kusimama mlangoni. Kwa hiyo hatutapeleka bati hata moja mahali ambapo karatasi haina jina la anayejenga. Kwa huyu mama tumekwenda serikali ya kijiji mara nne. Tulikaa na shemeji zake, tukanywa chai, tukaongea kwa heshima, wakatia saini mbele ya wazee. Hiyo nayo ni sehemu ya kupaua, na ilitutoa jasho zaidi kuliko barabara itakavyofanya.

Haya, tuje barabarani.

Kuna aliyeuliza kwa nini tunakwenda wakati wa joto hili. Wazee wa bandarini wanajua jibu. Kuanzia Desemba mpaka Machi unavuma kaskazi, na sisi tunakwenda kusini. Upepo uliozileta jahazi kutoka Uarabuni ndio utakaotusukuma mgongoni. Tukingoja kusi tutapata ubaridi, lakini tutapambana na upepo usoni siku zote za kuendesha. Na sababu kubwa zaidi: masika inaingia Machi. Paa zile tatu lazima zifungwe kabla ya tone la kwanza. Kama hatuendi sasa, kuna ukuta utakaolala chini mwaka huu tena, na mimi najua mlio wake.

Kutoka hapa hadi Segera ni kilomita sabini na kitu, kupitia Muheza. Tutalala Segera. Siku ya pili Kabuku, katikati ya mkonge, mpaka Mkata. Siku ya tatu hatuendeshi, tunapaua. Hakuna mwendeshaji atakayepanda juu ya kenchi, kazi hiyo ni ya mafundi. Sisi tunabeba mbao, tunapandisha bati, tunakoroga zege la mahali palipobaki. Siku ya nne Mbwewe, Mto Wami, hadi Msata. Siku ya tano kilomita 64 za mwisho, kupitia Kiwangwa kwa mananasi, hadi Bagamoyo. Jumla ni zaidi ya kilomita 250.

Hofu yangu ni moja, nayo ni magari. Kuanzia Segera tunaungana na mabasi na malori yote ya Arusha, Moshi na Tanga yanayokwenda Dar es Salaam. Madereva wale wana haraka, na baadhi hawaihesabu baiskeli kuwa chombo. Bonde la Wami limekunywa damu nyingi. Sasa kuna daraja jipya, refu zaidi ya mita 500, pana, si kama lile jembamba la zamani, lakini tahadhari ni ile ile. Kwa hiyo: mstari mmoja, upande wa kushoto kabisa, nafasi ya baiskeli mbili kati ya mtu na mtu. Hakuna simu mkononi, hakuna spika masikioni. Jua likizama tumeshafika. Kuanzia saa tano na nusu mpaka saa tisa tunapumzika kivulini, hata kama miguu inataka kwenda. Mtu akishindwa anapanda gari letu la nyuma na hakuna atakayemsema. Mimi nitakuwa wa mwisho kwenye mstari, na sitaki kumwona yeyote nyuma yangu.

Kuna mzazi amenifuata pembeni kuhusu mabinti tisa walio katika msafara. Mzazi wangu, hii ni Tanga. Bibi zetu walikwenda sokoni na baiskeli, mtoto mgongoni, kapu kwenye keria, wamejitanda vizuri, na mji haukuanguka. Mabinti watalala chumba chao, na kina mama wawili wa kamati watakuwa nao. Mmoja wa mabinti hao ndiye fundi wa msafara, atakayeziba pancha za kaka zenu.

Tumekagua baiskeli zote leo mchana. Tatu zina mnyororo uliolegea, moja ina spoku mbili zimekatika gurudumu la nyuma. Wenyewe mnajijua. Kibanda kiko wazi hadi saa tatu usiku huu, fundi anawangoja, msilale bila kupita kwake. Kila mtu awe na tyubu mbili za akiba, pampu, viraka na sulusheni, na lita tatu za maji. Tende mtapewa asubuhi.

Tunakutana hapa saa kumi na moja na nusu, baada ya swala ya alfajiri. Tutashuka kwanza Raskazone, kila mmoja alowanishe gurudumu la nyuma baharini. Hilo la mbele litangoja maji ya Bagamoyo. Kisha tunapita Mikanjuni, ambako mafundi wataanza kupaua siku hiyo hiyo sisi tukiwa njiani. Mwenye nyumba ameomba tusimame dakika chache mlangoni kwake. Amesema atatupikia vitumbua.

Daftari liko kwa Bi Mkubwa hapo karibu na mlango. Ukurasa wa bati za Bagamoyo bado una mistari kumi na moja mitupu.

Shehe, karibu utusomee dua. Baada yako, mchungaji.